Mfua Kisu Atajibu Nini?

Tufikiri kidogo juu ya kitu kilicho karibu nasi kila siku, yaani kisu. Mtoto azaliwapo, chuma chenye makali ndicho kinachokata kitovu chake. Akikua, kisu humenya muhogo wake na kukata sombe ya mama yake. Kwa kisu mgema hugema, kwa kisu mvuvi hupasua samaki, kwa kisu mbuzi wa arusi huchinjwa. Mtu akifa, wachimbao kaburi lake hukata mizizi kwa panga. Na chuma hicho hicho, kikishikwa na mwenye hasira, huleta kilio katika nyumba mbili kwa siku moja: nyumba ya aliyekufa na nyumba ya aliyeua.

Basi, swali letu ni hili. Yule aliyekifua kisu hicho, je, ana hesabu yo yote katika kazi yake? Au hesabu yake ilikwisha siku alipokitia mpini na kupokea bei?

Zamani swali hili liliwahusu wahunzi tu, nao walikuwa na ukoo wao na miiko yao. Siku hizi ni vingine. Wapo watu wenye kazi nyingine, mwalimu wa shule, muuguzi, mshona nguo, wanaojifunza uhunzi saa za jioni kwa kuupenda tu, si kwa kutafuta riziki. Mimi ni mmoja wao. Hapa Lusangi nimekaa siku nyingi katika kiwanda cha mzee mmoja, nikivuta mivukuto muda mrefu kabla ya kupewa nyundo. Wengine huniuliza: “Katekista na nyundo, wapi na wapi?” Hao nawajibu upesi, kwamba Mtume Paulo mwenyewe alikuwa fundi wa mahema. Lakini swali la kisu si jepesi hivyo, wala halijibiwi kwa neno moja. Yafaa tulitazame polepole.

Heshima na hofu ya watu wa zamani

Watu wa zamani hawakumhesabu mhunzi kuwa sawa na watu wengine. Kusini mwetu, katika bonde la Upemba, wachimbuaji wa mambo ya kale walifunua makaburi yenye zaidi ya miaka 1000, na humo walikuta mfu aliyezikwa pamoja na fuawe la chuma. Katika Rwanda, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipofunguliwa mwaka 1969, ilionekana kwamba kichwa chake kililazwa juu ya nyundo mbili za chuma. Mfalme na mhunzi waliwekwa karibu hivyo. Na katika Maniema yetu ufundi huo ulikuwa mkubwa. Mwaka 1876, Stanley alipopita katika msitu wa Walega, alikuta kijijini kiwanda kikubwa, wahunzi wengi wakifua pamoja mikuki mipana na visu vya kila kadiri, naye akausifu ufundi wao.

Walakini si watu wote waliomheshimu mhunzi. Wamasai waliwatenga wahunzi wao, waitwao Ilkunono. Hawakuoana nao, na mtu aliyepokea mkuki kutoka mikononi mwao aliupaka mafuta kwanza ili auondolee unajisi. Sababu iliyotolewa ni kwamba wahunzi hufua silaha, na silaha humwaga damu.

Tazameni jambo hili. Mmoja humweka mhunzi karibu na mfalme, mwingine humweka nje ya boma. Lakini wote wawili wana wazo moja, kwamba mkono wa mhunzi hauondoki katika chuma alichokifua. Sisi Wakristu hatuamini unajisi wa chuma, wala nguvu ya siri ndani ya fuawe. Lakini wazo lenyewe lastahili kupimwa kwa akili, maana lina punje ya kweli ndani yake. Ili tuipate punje hiyo, sharti kwanza tujue kazi yenyewe ilivyo.

Mafundisho ya moto

Asiyejua hudhani kwamba uhunzi ni nguvu za mkono. Siyo. Uhunzi ni kujua, na kungoja.

Jambo la kwanza ni kujua chuma. Nondo ya kujengea nyumba na resori ya motokari, zikiwa zimeshika kutu, zafanana machoni. Lakini tabia zao ni mbalimbali. Katika sehemu 1000 za chuma cha resori, kama sehemu 6 ni kaboni, kitu kile kile kilichomo katika makaa. Katika tupa ya fundi huwa ni 10 au zaidi. Katika nondo ya kawaida kaboni ni chache mno. Kwa hiyo resori na tupa hukubali kuwa ngumu, ndiyo feleji. Nondo laini haikubali, hata ukiipiga siku tatu. Mwenye ujuzi huvitambua kwa cheche: akikigusisha chuma kwenye jiwe la kunolea lizungukalo, cheche za chuma laini huruka ndefu na za kawaida, lakini cheche za feleji hupasuka-pasuka kama maua. Chuma kilichopakwa zinki, kama bati la nyumba, kisitiwe motoni kabisa, maana moshi wake humtia mtu homa.

Jambo la pili ni kusoma moto. Wahunzi hupenda kivuli, si kwa kuficha siri, bali kwa sababu jua hufuta rangi ya chuma. Chuma kikiwa chekundu cha giza, bado. Kikiwa rangi ya chungwa, au manjano, kinafulika kama udongo wa mfinyanzi. Kikifika weupe na kutoa cheche chenyewe, kimekwisha kuungua, na chuma kilichoungua hakirudi. Tena, kikipoa mpaka wekundu umetoweka, nawe ukaendelea kupiga kwa uvivu wa kukirudisha motoni, utakipasua ndani. Ufa huo huenda usiuone leo. Utaonekana siku panga likipiga gogo.

Jambo la tatu ndilo kubwa, nalo ni kukipa kisu ugumu wake. Chuma hupashwa moto mpaka sumaku isikishike tena, yaani nyuzi 770 hivi, kisha huongezwa kidogo tu, halafu huzamishwa mara moja katika mafuta. Huku kwetu mafuta ya mawese hayana shida, yakipashwa kwanza kidogo. Kisu kikitoka humo kimekuwa kigumu hata tupa yateleza juu yake. Mwanafunzi hufurahi na kudhani amemaliza. Lakini kisu hicho sasa ni kama kioo. Kikianguka juu ya jiwe, chaweza kuvunjika vipande viwili. Basi sharti kirudishwe kwenye joto la pole, mpaka uso wake uliosuguliwa ugeuke rangi ya majani makavu. Hapo ni nyuzi 220 hivi. Kikiendelea, hugeuka kahawia, kisha zambarau, kisha buluu, karibu nyuzi 300. Kisu cha jikoni huishia rangi ya majani makavu. Panga la kupiga miti huendelezwa zaidi, lipoteze ugumu kidogo na kupata uvumilivu.

Huenda msomaji akauliza: “Mambo haya yote yana nini na swali la dhamiri?” Yana mengi. Maana sasa twaweza kuona kwamba mfua kisu hutia ndani ya chuma mambo mengi yasiyoonekana na mnunuzi.

Hesabu ya kwanza: ukweli wa kazi

Vitwae visu viwili sokoni. Kimoja ni cha resori, kimepita motoni na mafutani kama ilivyotakiwa. Kingine ni cha nondo laini, kimesuguliwa tu mpaka king'ae. Mama aliyekuja kununua hawezi kuvitenga. Huenda akachagua cha pili kwa sababu chang'aa zaidi. Baada ya wiki moja makali yake yamekunjika, na fedha ya mama imekwenda. Au tulitwae panga ambalo mkia wake ni mfupi ndani ya mpini, na msumari wake umelegea. Mlimaji analiinua juu ya kichwa chake, mtoto wake yuko nyuma. Chuma kikichomoka, ni nani atakayejibu? Mlimaji hakuwa na kosa. Mtoto hakuwa na kosa. Hapa mfua panga hawezi kujificha.

Basi, jibu la kwanza ni wazi. Kwa ubovu wa kisu, mfuaji ana hesabu yote, hata kama yeye hafui kwa kuuza, hata kama alikitoa zawadi. Zawadi yenye ufa hubaki na ufa. Na mtu ajifunzaye kwa kupenda ana jaribu lake hapa: hufikiri kwamba, kwa kuwa si mhunzi wa kazi, watu watamsamehe. Lakini chuma hakiulizi kama aliyekifua alilipwa.

Katika Marekani wapo watu wengi wa namna hiyo, wenye kazi nyingine, wajifunzao kufua visu kwa kupenda. Wana chama chao, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976. Atakaye kupanda daraja katika chama hicho huleta kisu alichofua mwenyewe, kikajaribiwe mbele ya bingwa. Kwanza kisu hukata kwa pigo moja kamba nene ya sentimeta 2 na nusu iliyoning'inizwa. Kisha hukata ubao mara mbili. Baadaye, bila kunolewa tena, sharti kinyoe nywele za mkono. Mwisho hubanwa na kukunjwa mpaka kifike pembe ya mraba, wala kisivunjike. Kisu hicho hakifai tena kwa kazi, kimeharibiwa makusudi. Lakini kimeonyesha wazi lililokuwa ndani yake. Naona ni desturi njema kwa kila mwanafunzi: kisu chako cha kwanza kizuri usikiuze wala usikitundike ukutani. Kikunje. Ujue umeweka nini ndani ya chuma kabla ya kukitia mkononi mwa mwenzako.

Hesabu ya pili: mkono wa mwingine

Sasa twafikia penye ugumu. Kisu ni kizima, kimefuliwa kwa ukweli wote. Mtu mwingine akitumia kwa ubaya. Je, mfuaji ana hesabu?

Kuna majibu mawili ya haraka, na yote mawili ni mabaya. Wa kwanza husema: “Kisu hakina dhambi. Mimi nafua tu. Atumiaye atajijibia mwenyewe.” Wa pili husema: “Kila damu imwagwayo kwa kisu iko mikononi mwa mhunzi.” Jibu la kwanza humfanya mtu kuwa kama nyundo, isiyo na akili. Jibu la pili lingefunga viwanda vyote, na kesho yake hakuna awezaye kulima.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aligusa neno hili mahali ambapo hungelitazamia, yaani alipokuwa akieleza habari za mapambo ya wanawake. Aliuliza juu ya mafundi watengenezao vitu, akatofautisha. Ikiwa kitu hakiwezi kutumiwa ila kwa dhambi, kama sanamu ya kuabudiwa, fundi wake akosa kwa kukitengeneza tu. Lakini ikiwa chaweza kutumiwa vizuri au vibaya, kama upanga na mshale, ufundi wenyewe si dhambi. Akaongeza la tatu, ambalo watu husahau: vipo vitu visivyo vibaya kwa asili yao, lakini watu wengi huvitumia kwa ubaya, hivyo yafaa mwenye mamlaka aviondoe katika nchi. Kwa hiyo mzigo si wa fundi peke yake. Mfalme, chifu na serikali wana sehemu yao.

Walimu wa maadili waliofuata walieleza zaidi habari ya kushiriki katika ubaya wa mwingine. Twaweza kukusanya mafundisho yao katika maswali manne. Je, fundi alitaka ubaya ule? Je, aliujua, au aliweza kuujua bila shida? Je, kazi yake iko karibu na ubaya ule, au iko mbali? Je, alikuwa na sababu nzito ya kufanya aliyoyafanya? Anayetaka ubaya pamoja na mwovu, huyo ni mwenzake kabisa. Asiyeutaka wala kuujua, naye yuko mbali, hana hatia. Katikati yao kuna njia ndefu, na humo ndimo dhamiri inamotakiwa kufanya kazi.

Mfano wa kutisha u karibu nasi. Mwaka 1994 katika Rwanda, mapanga yaliyozoea kukata migomba na kuni yalitumiwa kuua watu bila hesabu. Mengi yalitoka katika viwanda vya nchi za mbali. Mfanya kazi aliyesimama mbele ya mashine huko, akijua tu kwamba anatengeneza chombo cha shamba, hakuwa mwuaji. Lakini waliowagawia watu mapanga huku wakijua ni ya nini, hao walikuwa na hatia, ijapokuwa mikono yao haikuguswa na damu. Panga lilikuwa moja. Nia, ujuzi na ukaribu ndivyo vilivyowatenga watu hao.

Visa vitatu

Tuyapime maswali hayo kwa visa vitatu.

Kisa cha kwanza. Mama aja kukuomba kisu cha jikoni, nawe wamfulia. Baada ya miezi sita mwanawe, akiwa amelewa, amjeruhi jirani kwa kisu hicho. Je, una hatia? Hapana. Hukutaka, hukujua, wala hukuweza kujua. Utahuzunika, na huzuni hiyo ni ya mtu mwema, lakini huzuni si hatia. Wenye dhamiri nyepesi kuumia wasijitese kwa jambo la namna hii.

Kisa cha pili. Kijana aja jioni, giza limekwisha kuingia. Kijiji chote chajua kwamba amegombana na ndugu yake kwa mpaka wa shamba. Ataka kisu chembamba, makali pande mbili, ncha kama sindano, kiwe kifupi kiweze kulala ndani ya shati. Asema ni cha kuchunia wanyama. Lakini hana mtego, wala mbwa, wala hajawahi kuwinda. Wewe wasema moyoni: “Mimi si hakimu.” Ni kweli, wewe si hakimu. Lakini wewe una macho. Umbo la kisu limekwisha kusema, maana kisu cha kuchunia huwa na tumbo pana na makali upande mmoja. Anayefumba macho makusudi asije akasema hakuona. Ukikifua kisu hicho, umeshiriki. Mwambie kijana: “Nitakufulia cha kuchunia, lakini si hiki.” Kisha usiishie hapo. Nenda kwa wazee wa ukoo wake, maneno ya shamba yasikilizwe kabla ya usiku kuwa mrefu.

Kisa cha tatu ndicho kizito kuliko vyote, na watu wa Kasongo na Kabambare wanakijua bila kuelezwa. Nchi yetu imeonja vita vya Waarabu na askari wa mfalme Léopold II miaka ya 1892 hata 1894, maasi ya Simba mwaka 1964, vita vya mwaka 1996, na vile vya mwaka 1998 hata 2003, pamoja na vikundi vya silaha vilivyofuata. Vijana waja kwako na kusema: “Tufulie mikuki, tulinde kijiji.” Utajibu nini?

Kuwalinda watoto na wazee si dhambi. Kumwambia mtu akunje mikono mbele ya mwenye kumchinja mwanawe si mafundisho ya Kristu. Walakini tumeona pia vikundi vilivyoanza kwa kukilinda kijiji vikaishia kukila. Mkuki uliofuliwa kwa ajili ya adui hubaki nyumbani adui akiisha kwenda, nao hutafuta kazi nyingine. Kwa hiyo neno hili halikatwi na mfuaji peke yake, gizani, katika kiwanda chake. Aulize: Ni nani aliyewatuma? Wazee na viongozi wa kijiji wajua? Ni nani atakayezitunza silaha hizi, na ni nani atakayezikusanya hatari ikipita? Wakimjibu wazi mbele ya watu, pana jambo la kushauriana. Wakimwambia, “Fua tu, mtu asijue,” basi wamekwisha kumjibu. Asifue.

“Nisipofua mimi, atafua mwingine”

Najua neno litakalosemwa. “Katekista, hayo ni mazuri kitabuni. Lakini nikimkataa kijana yule, atakwenda kwa mhunzi wa kijiji cha pili, naye atamfulia. Ubaya utatendeka vile vile, nami nimekosa bei.”

Neno hili lina nguvu, tusilidharau. Lakini tulipime. Ikiwa ni kweli kwamba mwingine atafua, ni kweli pia kwamba yeye atajibu kwa mkono wake, nawe kwa wako. Mtu haulizwi kama ubaya ungetokea hata bila yeye. Aulizwa kama aliutia mkono. Tena si hakika kwamba atafua mwingine. Kila mlango unaofungwa hurefusha njia ya mwenye hasira, na mara nyingi hasira huchoka njiani. Pengine ni mwendo wa nusu siku tu uliohitajiwa ili ndugu wawili wasiuane.

Wengine hutoa methali: Mtoto akililia wembe, mpe. Methali hii ni ya kweli mahali pake. Yataka kusema kwamba mkaidi hujifunza kwa maumivu yake mwenyewe. Lakini yamsema mtoto atakayejikata kidole chake. Haikusema: mtoto akililia wembe ili amkate mdogo wake, mpe. Huyo hapewi, hata akilia mpaka asubuhi.

Uhuru wa mtu asiyefua kwa njaa

Sasa nataka kusema na wale wajifunzao uhunzi kwa kupenda, maana kwao naona neno la pekee.

Mhunzi wa riziki ana watoto wanaongoja unga. Mteja akija na fedha mkononi, kumkataa ni kazi nzito. Siku nyingi yeye hufua majembe, mashoka, mitalimbo ya wachimba dhahabu wa Namoya, na vyuma vya baiskeli. Bei ya kisu kimoja kibaya huenda ikawa chakula cha siku mbili. Tusiwe wepesi wa kumhukumu. Akikosa, pengine njaa yake ilimpunguzia uhuru, na Mungu apimaye mioyo ajua kiasi gani.

Lakini wewe, mwalimu, wewe, muuguzi, na mimi pia, hatufui kwa njaa. Hakuna mtoto atakayelala bila chakula kwa sababu tumesema “hapana”. Kwa hiyo uhuru wetu ni mkubwa zaidi, na palipo na uhuru mkubwa, hesabu nayo ni kubwa. Watu wengi hudhani kinyume: kwamba kwa kuwa ni burudani tu, hakuna la kujibu. Mimi naona burudani ndiyo inayotuvua udhuru wote. Kila kisu tulichofua, tulikitaka sisi wenyewe.

Tena kuna jaribu la kupenda umbo la kutisha. Kijana akianza kujifunza, huota upanga na jambia, si kisu cha kumenyea muhogo. Sisemi kila upanga ni dhambi. Uzuri wa chuma uliofanywa vizuri ni zawadi kwa macho. Lakini yafaa ajiulize: “Napenda nini katika kitu hiki? Ufundi, au hofu itakayowashika watu wakikiona?” Jembe dogo la palizi, likifuliwa vizuri, lataka ufundi ule ule wa moto na nyundo. Na tusisahau haki ya mhunzi wa riziki: usiuze kwa bei ya chini kuliko yeye sokoni, maana wewe una mshahara mwingine, naye hana.

Neno la mwisho. Nabii Isaya aliposema habari ya amani, alitaja panga zinazogeuzwa kuwa vyombo vya shamba. Hakusema zitupwe mtoni. Kuzigeuza kwahitaji makaa, mivukuto na nyundo. Amani hiyo yapita katika kiwanda cha mhunzi. Huko Msumbiji, baada ya vita iliyokwisha mwaka 1992, Baraza la Kikristu la nchi ile lilianza mwaka 1995 kupokea bunduki na kuwapa watu majembe, baiskeli na vyerehani badala yake. Na mafundi walizikata bunduki zile na kuziunga tena kuwa viti na sanamu. Mkono uwezao kufua silaha ndio uwezao pia kuifumua. Ndiyo sababu ujuzi huu usiachwe kwa wenye nia mbaya peke yao.

Basi, wapenzi, mhunzi mzuri hutia alama yake juu ya chuma, karibu na mpini, ili watu wajue ni kazi ya nani. Kanuni yangu kwa kila ajifunzaye ni fupi. Kabla ya kuwasha makaa, jiulize kama ungekubali kutia alama yako juu ya kitu hicho mchana, mbele ya watu wote, hata mbele ya mama yake yule atakayekatwa nacho. Ikiwa wakubali, vuta mivukuto. Ikiwa wapenda kisiwe na alama, acha makaa yapoe.